Ukuta Ambao Hakuna Aliyeuomba

Ukuta ule ulikuwa na urefu wa mita kumi na nane, na si mimi niliyeuchora.

Niliuona Alhamisi asubuhi, mbele ya watu kumi na wawili, katika chumba cha mikutano cha chuo kikuu kipya kilichoko nje kidogo ya mji wa Migori. Mchoro wangu ulikuwa umebandikwa ubaoni. Nilikuwa nimeulea miezi saba kama mtoto: kituo cha shughuli za wanafunzi, ukumbi mmoja mkubwa ulio wazi, paa la juu, ngazi pana za kukalia, na ndani yake hakuna ukuta hata mmoja. Wanaocheza chesi wawaone wanaofanya mazoezi ya drama. Msichana wa mwaka wa kwanza asiyemjua mtu aingie, aone watu, na watu wamwone. Nilikuwa nimekaa wiki mbili nzima katika chuo hicho nikitazama wanafunzi wanakaa wapi wasipokuwa darasani. Walikuwa wanakaa kwenye ngazi za maktaba, chini ya tangi la maji na nje ya duka la fotokopi. Nikasema, basi, hawa nitawapa pa kukaa.

Sasa katikati ya ukumbi wangu kulikuwa na mstari mweusi, mnene, uliokata kutoka upande mmoja hadi wa pili. Nilidhani ni kivuli. Nikavaa miwani. Hakikuwa kivuli.

"Madam Irine," akasema Daktari Nyasuguta. Yeye ndiye mkuu wa masuala ya wanafunzi na mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, mama wa makamo ambaye hacheki ovyo. "Mwezi uliopita ulisimama hapo masaa mawili ukitueleza kwa nini hakuna kuta. Mimi mwenyewe nilikuwa napinga. Ukanibadilisha. Sasa hii ukuta imetoka wapi?"

Nikatazama ng'ambo ya meza. Elkanah, injinia anayepiga hesabu za majengo yangu yote, na ambaye pia ndiye mwanaume niliyempenda kwa miaka mitatu, alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Ni mimi, Daktari," akasema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Niliweka jana kabla ya kupeleka mchoro kuchapishwa. Nilifikiria kamati itaogopa kelele. Nikaona heri tuweke ukuta mapema kuliko mje mtuombe baadaye."

"Nani alilalamika juu ya kelele?"

"Hakuna mtu."

"Hakuna mtu?"

"Nilifikiria tu mtalalamika."

Mzee mmoja wa kamati akakohoa kile kikohozi cha kuficha kicheko. Nilihisi uso wangu umewaka moto. Daktari Nyasuguta akafunga faili yake polepole.

"Injinia, umetujibu swali ambalo hatukuuliza. Sasa nisikilizeni nyote wawili. Jumanne saa nne mrudi hapa na mchoro mmoja. Mmoja! Kama bado hamjui mnataka ukuta ama hamtaki, sisi tutatafuta watu wanaojua."

Nikakusanya vitu vyangu. Sikumngoja.

* * *

Alinifuata hadi kiwanjani, nyuma ya maktaba, mahali ambapo kituo kilitakiwa kusimama. Nyasi zilikuwa zimeshafyekwa, na vigingi vyetu vilikuwa ardhini na kamba zake za manjano. Mimi na yeye ndio tuliovipiga siku ile ya kupima kiwanja. Siku hiyo tulicheka mpaka walinzi wakaja kuuliza kuna nini.

"Unanifanya nini, Elkanah?"

"Irine, punguza sauti. Wanafunzi wanasikia."

"Wasikie! Si ndiyo maana nimewachorea mahali pa wazi?"

Akanyamaza. Elkanah akinyamaza hunyamaza mwili mzima, mabega yanashuka, mikono inaingia mifukoni. Ni mikono mizuri, mirefu, yenye doa la wino kwenye kidole cha shahada ambalo halijawahi kutoka tangu nimjue. Nilijikaza nisiiangalie.

"Wewe ndiye uliyepiga hesabu ya paa la mita ishirini na nne bila nguzo katikati," nikamwambia. "Kila mtu alisema litaanguka. Ukasema litasimama, ukawaonyesha kwa nini, wakafunga midomo. Huyo mwanaume ameenda wapi?"

"Hiyo ni chuma. Chuma ukikipigia hesabu vizuri kinatulia. Watu hawako hivyo."

"Ule ukuta unabeba nini?"

"Haubebi kitu."

"Paa haliugusi?"

"Haliugusi."

"Sasa kazi yake ni nini, Elkanah?"

Akatazama zile kamba za manjano muda mrefu. "Kuzuia maneno," akasema.

Hapo ndipo hasira yangu ilipohama. Ilitoka kwenye mchoro ikaenda mahali ambapo ilikuwa imekaa kimya kwa muda mrefu sana.

"Na kwenu Magunga? Huko pia unazuia maneno?"

"Usianze, Irine."

"Nilianza miaka mitatu iliyopita. Leo nataka kumaliza."

Sharti nieleze. Kwetu Waluo, kijana hujenga simba, nyumba yake ndogo ya kwanza, karibu na lango la boma la baba yake. Bila simba hana mahali pa kumpeleka mke. Na mdogo hajengi kabla ya mkubwa. Ukimruka kaka yako umeleta balaa nyumbani, na hakuna shahada ya chuo kikuu inayokuondoa katika hilo. Elkanah ni wa pili. Kaka yake, Frankline, alikwenda Masara kuchimba dhahabu miaka mingi iliyopita na, kwa maneno ya Elkanah, hakuwahi kurudi kujenga. Basi tukawa tunangoja. Mimi msanifu, yeye injinia. Tumewajengea watu madarasa, zahanati, makanisa mawili na banda la soko la samaki. Sisi wenyewe tukakosa nyumba ya vyumba viwili.

"Frankline hajajenga," akasema, kama kawaida. "Unataka nimruke kaka yangu? Mama ataniona mtu wa aina gani?"

"Umemwomba?"

"Nimemwomba mara ngapi! Siku hizi hata simu hashiki."

"Nina miaka thelathini na tatu, Elkanah. Mama yangu pale Sori alikuwa ananiuliza kila Jumapili, 'Huyo mtu wa Magunga atakuja lini?' Sasa haulizi. Ananitazama tu, kisha anaendelea kugeuza dagaa zake za omena juani. Unajua inauma namna gani mama yako akiacha kuuliza?"

Akanyanyua macho. Macho ya Elkanah ni mabaya kwa mwanamke mwenye hasira, yana upole unaokufanya usahau ulikuwa unasema nini. Akanyoosha mkono anishike bega. Nikarudi nyuma hatua moja, na ile hatua iliniuma mimi kuliko yeye.

"Nipe muda kidogo," akasema.

"Muda nimekupa mpaka umeniishia. Jumanne njoo na mchoro wako. Mimi nitakuja na wangu. Kamati ichague."

Nikampa mgongo. Nilitaka aniite. Nilitembea polepole makusudi ili aniite. Hakuniita.

* * *

Nilikuwa naelekea ofisini. Lakini nilipofika mahali barabara ya Masara inapochepuka, mikono yangu ikazungusha usukani kabla akili haijakubali. Niliwaza, kama Elkanah ameshindwa kumwomba kaka yake, nitamwomba mimi. Aibu tayari nilikuwa nayo ya kutosha siku hiyo. Kuongeza nyingine kidogo kusingenizamisha.

Masara ni vumbi na kelele za mashine za kusaga mawe. Nilimuulizia Frankline kwa watu watatu, wa nne akaniambia, "Ule mrefu mwenye kofia nyekundu." Alikuwa amekaa juu ya gunia la mawe, mweupe kwa vumbi mpaka kwenye kope, anakula muhogo wa kuchemsha. Uso wake ulikuwa wa Elkanah kabisa, isipokuwa huu ulikuwa umezoea kucheka.

"Ngoja, ngoja, usiniambie," akasema akisimama. "Wewe ni nyar Sori, yule binti wa Sori. Picha yako nimeonyeshwa mpaka nimechoka. Karibu, shemeji. Samahani, hapa hakuna kiti cha msanifu."

Sikuketi.

"Shemeji, sijakuja kukukosea heshima. Najua sio kazi ya mwanamke kuja kukuomba jambo kama hili, tena mwanamke ambaye hajaolewa kwenu. Lakini nakuomba. Nenda nyumbani ujenge. Hata kibanda. Hata cha siku moja. Ili mdogo wako apate njia."

Frankline akacheka. Kisha akaona sicheki, akaacha.

"Nijenge mara ngapi, shem?"

"Unasema?"

"Nilijenga mwaka jana. Jumamosi ya Pasaka. Mimi na mafundi wawili, miti na mabati tupu, asubuhi tukaanza, jioni ikawa na mlango. Baba alishatutoka, kwa hivyo Baba Mdogo Japheth ndiye alinionyesha mahali. Siku hiyo hiyo akamwonyesha Elkanah pake, upande ule mwingine wa lango. Mimi nyumba sina haja nayo, maisha yangu yako hapa shimoni. Nilifanya kwa ajili yake. Nikamwambia, omera, ndugu yangu, sasa njia ni yako." Akanitazama vizuri. "Hakukwambia?"

Nilitikisa kichwa.

"Alisema hushiki simu," nikasema.

"Tuliongea jana! Aliniuliza kama ile bati inavuja."

Nikahesabu kwa vidole, kama mtoto wa chekechea. Miezi kumi na minne. Kwa miezi kumi na minne mwanaume huyu alikuwa ananitazama machoni, ananishika mkono, ananinunulia samaki wa kukaanga kila Ijumaa, na kila nikiuliza ananipa jina la kaka yake. Sikulia. Nilikuwa na hasira iliyokauka kabisa, ile ambayo haina machozi ndani.

"Shem, mimi nimemwaga mtama bila kujua," Frankline akasema taratibu. "Usimwache kwa sababu ya mdomo wangu. Elkanah sio muongo. Ni mwoga. Tangu mtoto, akitumwa kwa jirani anaanza kujitetea kabla hajagonga mlango. Jumamosi anaenda nyumbani. Na mimi nitaenda. Kuja uone na macho yako."

* * *

Nilikwenda. Niliondoka Sori asubuhi mama akiwa anaanika omena, nikamwambia nakwenda kuangalia kiwanja. Haukuwa uongo.

Magunga kulikuwa kumenyesha usiku, na uwanda wa Ruma ulionekana wazi mpaka mbali, kijani kitupu. Niliulizia boma la marehemu baba yake Elkanah nikaonyeshwa mara moja. Nikaegesha gari nje ya ua wa michongoma, nikashuka, nikasimama kwenye lango. Sikuingia. Mwanamke ambaye hajaletwa na mwenyewe haingii tu kama muuza sabuni.

Lakini kutoka pale langoni niliona kila kitu. Upande mmoja ilikuwepo nyumba ya mabati, ndogo, imefungwa kufuli, jua likiwaka juu yake. Frankline alikuwa amesema kweli. Upande wa pili hapakuwa na nyumba. Palikuwa na ardhi tupu, mraba, imefagiwa safi kabisa. Nyasi pande zote zilifika magotini, lakini mle ndani ya mraba hapakuwa na hata jani. Alama za ufagio zilikuwa bado mbichi.

Mama mmoja mwembamba alikuwa anamalizia kona ya mwisho. Akaniona, akainuka, akashika kiuno.

"Unatafuta nani, nyathina, mwanangu?"

"Namtafuta Elkanah, Mama. Mimi naitwa Irine. Natoka Sori."

Ufagio ukamtoka mkononi. Alikuwa Mama Leonida, mama yake Elkanah. Akaja hadi langoni, akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni bila haraka, na mimi nikamwacha anitazame.

"Ndiyo wewe," akasema. "Kwa nini umesimama nje?"

"Sijaletwa, Mama."

"Hiyo hata mimi nimeona, hujaletwa. Mwaka mzima nangoja uletwe." Sauti yake haikuwa kali, ilikuwa imechoka. "Elkanah alisema hutaki. Alisema wewe ni msichana wa kuchora nyumba kubwa kubwa, simba ya mabati huwezi lala ndani. Eti hauko tayari."

Nilishika mti wa lango.

"Mama, mimi aliniambia nyinyi ndio hamko tayari."

"Sisi?"

"Alisema Frankline hajajenga."

Mama Leonida akageuka akaitazama ile nyumba ya mabati iliyokuwa inang'aa hatua kumi kutoka kwetu. Kisha akanigeukia. Tukatazamana, yeye ndani, mimi nje, wanawake wawili waliodanganywa na mtu mmoja kwa upole uleule.

"Mimi nafagia hapa kila Jumamosi," akasema. "Majirani wananicheka. Wanasema Leonida anafagia nyumba ambayo haiko. Nikawa nawaambia, msichana atakuja siku moja bila kutangaza, na sitaki akute nyasi."

Nilikuwa nimemchukia mama huyu kimoyomoyo kwa miaka mitatu. Nilikuwa nimempa sura mbaya na maneno makali ambayo hakuwahi kuyasema. Kumbe kila Jumamosi alikuwa ameinama hapa ananifagilia.

"Elkanah!" akaita bila kunyanyua sauti sana. "Kuja hapa."

Akatokea nyuma ya nyumba kubwa na kikombe cha chai mkononi, Frankline nyuma yake. Aliponiona alisimama pale pale. Chai ikamwagika kwenye kiatu, asiisikie.

"Irine."

"Usiniambie Frankline hajajenga," nikasema. "Frankline ndiye huyo nyuma yako."

Frankline akainua mkono kidogo, kama mwanafunzi anayeitwa jina darasani.

Elkanah akaja mpaka kwenye lango. Tulikuwa karibu kiasi cha kugusana, na lango katikati. Hakuangalia viatu safari hii. Nitamsifu kwa hilo.

"Niliogopa," akasema.

"Uliogopa nani? Mama yako anafagia. Kaka yako amejenga. Baba yako mdogo amekuonyesha mahali. Nani aliyebaki?"

"Wewe."

"Mimi!"

"Macho yako. Mimi nimekuona ukiingia nyumba za watu, Irine. Unaingia, unaangalia kona, unaangalia dari, hausemi kitu. Lakini mimi najua umeshaibomoa kwa kichwa. Hii nyumba nimeichora mara kumi na nne. Kila nikimaliza nakuona ukiingia mlangoni. Nakuona ukinyamaza. Nikasema, heri ungoje na bado unanipenda, kuliko uingie uache kunipenda."

Nilimpenda wakati ule kuliko siku zote, na wakati huohuo nilitaka kuvua kiatu nimtupie. Maana alichosema kilikuwa na ukweli ndani yake. Mimi huingia nyumba za watu hivyo. Hata nyumba ya mama yangu niliwahi kuingia hivyo, nikamwona akivuta pazia kuficha ufa.

"Kwa hivyo ukaweka ukuta," nikasema. "Mama yako huku, mimi kule, na wewe katikati unatuzuia tusiongee. Elkanah, ungeniuliza tu. Ungesema, 'Irine, utalala kwa nyumba ya mabati?' Ningekujibu siku hiyo hiyo. Lakini wewe unajibu kabla watu hawajauliza, na kila mara unajibu hapana."

"Nisamehe."

"Sijui kama nitakusamehe. Bado nimekasirika sana."

Nikaenda nyuma ya gari nikafungua buti. Vifaa vyangu vya kiwanja huwa vinakaa humo: vigingi, bunda la kamba ya manjano, nyundo. Nikachukua vigingi vinne, kamba na nyundo, nikampitishia vyote juu ya lango. Akavipokea kama mtu aliyepewa mtoto mchanga.

"Pima nyumba yako," nikamwambia.

"Sasa hivi? Irine, hii mambo haianzi hivyo. Baba Mdogo lazima awepo, kuna vile..."

"Japheth alikuonyesha mahali mwaka jana!" Mama Leonida akadakia. "Nimefagia mpaka mgongo umeisha. Unataka nikuonyeshe tena na fimbo ya ufagio?"

Frankline akageukia ua, mabega yakimcheza kwa kicheko. Elkanah hakucheka. Alikuwa ananitazama, nami nikamwona anasubiri nimwambie aanzie kona gani, hatua ngapi, mlango utazame wapi. Ningeweza kumwambia. Nilikuwa tayari nimeshaiona nyumba nzima kichwani, hata mahali pa kutundika taulo.

"Mimi naenda," nikasema. "Sitasimama hapa nikupimie. Ukipiga vigingi, nitasikia. Usipopiga, nitasikia pia. Mama, asante kwa kunifagilia."

"Nenda salama, nyathina. Sijamaliza na wewe."

Nikawasha gari. Kwenye kioo nilimwona bado amesimama na nyundo mkononi, na nikajikaza nisitazame tena.

Sikwenda mbali. Barabara ilipopinda karibu na kinu cha kusagia mahindi nilisimama, nikazima injini, nikashusha vioo vyote. Kinu kilikuwa kimefungwa. Nilisikia kuku, nikasikia redio ya mtu, basi. Dakika zikapita. Nikaanza kujiambia maneno ambayo mwanamke hujiambia: nitarudi Sori, nitamwambia mama kiwanja hakikufaa, nitachora majengo ya watu mpaka nizeeke.

Kisha, ko, ko, ko.

Kimya kidogo. Halafu tena, ko, ko, ko, mbali kidogo na pale pa kwanza. Kona ya pili. Baada ya muda, ya tatu. Nyumba ina kona nne, hata mtoto anajua. Nikangoja ya nne.

Haikuja. Nikatazama saa, nikatazama barabara, nikashika ufunguo. Nilimjua Elkanah. Mahali fulani kati ya kona ya tatu na ya nne alikuwa amesimama anafikiria watu watasema nini. "Piga," nikasema peke yangu ndani ya gari, kwa hasira, kwa sauti. "Piga, mwanaume wewe!"

Ko. Ko. Ko.

Niliweka paji la uso juu ya usukani. Simu ikalia.

"Irine."

"Nasikia."

"Viko vinne."

"Nimehesabu."

Alikuwa anahema kama mtu aliyekimbia. Nyuma yake nilimsikia mama yake anamwambia Frankline akaze kamba.

"Jumanne mimi ndio nitaongea," akasema. "Nitamwambia Daktari Nyasuguta ule ukuta ulikuwa wangu, sio wako, na nimeutoa. Mambo ya kelele nitajibu wakiuliza."

"Wakiuliza," nikasema.

"Wakiuliza." Kisha akaongeza, "Kuna kitu kingine. Dirisha kubwa nataka liangalie Ruma."

Nitajitetea vipi? Ni kazi yangu, mdomo ukanitangulia. "Hapana, Elkanah. Upande huo jua la asubuhi litakupiga usoni ukiwa bado kitandani. Dirisha kubwa liweke upande wa lango."

Kimya. Nikafumba macho. Niliujua ukimya huo, nilikuwa nimeishi nao miaka mitatu. Baada yake huja maneno yaleyale, kwa sauti ileile ya upole: sawa, Irine, vile unataka. Nikajilaumu kwa nini sikufunga mdomo wangu siku moja tu, siku hii moja.

"Litaangalia Ruma," akasema Elkanah. "Nimeshaamua. Kama ni kulalamika, utalalamika ukiwa ndani."

Machozi yalinitoka huku nacheka. Sikumjibu. Nilikata simu haraka, kabla hajabadili mawazo.